Mkanda wa jeshi: vidonda vimekauka, maumivu hayajaondoka (mwongozo kamili)

Shangazi yangu alipopona mkanda wa jeshi, ndugu walimiminika kumpa pole na pongezi kwa pamoja. Magamba yalikuwa yamedondoka, ubavu umebaki na madoa tu, na kila aliyeingia alisema Mungu mkubwa. Wiki ya saba nilimkuta ameketi kitandani saa tisa usiku, ameishika kanga kwa vidole viwili ili isiguse ubavu. "Mwanangu, hata upepo wa feni unaniunguza," aliniambia. Mchana wake alikuwa ameambiwa aache kudeka.

Mwongozo huu ni wa aliyefika hapo, pamoja na anayemuuguza. Nitaanzia nyuma kidogo, siku ya kwanza ya vipele, kwa sababu kuna saa 72 ambazo zikishapita hazirudi. Dawa nitakazozitaja huandikwa na daktari au tabibu. Vipimo vya dozi nimeviweka ili ukikabidhiwa bahasha ya vidonge ujue kama ulichopewa kinatosha.

Ni nini hasa kinachouma

Virusi vya mkanda wa jeshi ni vilevile vya tetekuwanga. Ulipougua utotoni vipele vikakauka, virusi havikutoka mwilini. Vilipanda kwa kufuata neva (mishipa ya fahamu) za ngozi hadi kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo, vikajibanza humo miaka 20, 40, hata 60. Kinga ikilegea kwa uzee, VVU, saratani au dawa za kushusha kinga, virusi huamka katika kifundo kimoja na kuteremka kwa neva ileile hadi kwenye ngozi. Kwa hiyo vipele hukaa upande mmoja wa mwili, vimejipanga kama mkanda wa askari. Waganda nao huuita kisipi, yaani mkanda vilevile.

Daktari mmoja wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, Edgar Hope-Simpson, ndiye aliyeeleza vizuri habari hii ya virusi kulala na kuamka. Hakuwa na maabara kubwa. Alihesabu wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka 16, akaandika umri wao na nani aliugua tena, kisha akachapisha hoja yake mwaka 1965. Nimemtaja kwa makusudi, maana huko mbele nitakuomba ufanye kazi ya namna hiyo kwa kalamu na daftari.

Njiani virusi huacha uharibifu. Nyuzi nyingine za neva hufa, nyingine hubaki zimechubuka. Neva iliyochubuka ni kama waya wa umeme uliochunika plastiki: hutoa cheche hata swichi ikiwa imezimwa. Uti wa mgongo nao ukipokea cheche hizo usiku na mchana, huanza kutafsiri kila mguso kuwa ni moto. Ngozi imepona kweli, lakini mgonjwa hasemi uongo, kwa sababu kinachouma si ngozi.

Hatua ya 1: Utambue mapema

Mara nyingi maumivu hutangulia vipele kwa siku mbili tatu. Mtu huhisi mwako, mchomo au muwasho mahali pamoja, upande mmoja, na hakuna kinachoonekana. Hapo ndipo wengi hupotezwa njia. Ukiwa kifuani huambiwa moyo, ukiwa tumboni huambiwa vidonda vya tumbo, ukiwa mgongoni huambiwa figo. Shangazi alimeza dawa za vidonda vya tumbo siku tatu nzima.

Kisha hutokea wekundu (kwa ngozi nyeusi huonekana kama weusi au zambarau), na juu yake malengelenge madogo yaliyosongamana kwa mafungu. Alama kubwa ni kwamba hayavuki mstari wa katikati ya mwili. Usiyachanganye na michomo ya yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi anayejaa majumbani msimu wa mvua. Michomo yake hufuata mahali alipopondwa, mara nyingi shingoni au kwenye mkunjo wa kiwiko, wala haitanguliwi na siku za maumivu.

Na ile kauli kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mtu anakufa? Haziui. Kila neva huhudumia upande wake tu, ndiyo sababu ni nadra zikutane. Ila vipele vikitokea pande zote mbili au kutapakaa mwilini, ni dalili kwamba kinga imeshuka sana, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Saa 72 za mwanzo

Dawa ya virusi ni asikloviri ya vidonge. Inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku tatu tangu kipele cha kwanza. Hupunguza ukali wa maumivu ya mwanzo na kuharakisha kukauka. Kwamba inazuia maumivu ya baadaye, ushahidi wake ni dhaifu, na nisingependa mtu aje kulaumiwa kwamba "alichelewa, ndiyo maana anaumwa". Lakini ni dawa nafuu, na jicho inaliokoa. Itafute.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa uponyaji bila kujua. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 800, mara tano kwa siku, kwa siku saba. Vidonge vingi madukani ni vya 200 au 400. Mtu huenda duka la dawa, anapewa kidonge kimoja cha 200 mara tano, ambayo ni dozi ya malengelenge ya mdomoni au sehemu za siri. Kwa mkanda wa jeshi hiyo ni robo ya dozi. Kama ni vya 200, ni vidonge vinne kwa mkupuo, 140 kwa wiki. Kama ni vya 400, ni viwili kwa mkupuo, 70 kwa wiki. Hesabu kabla hujatoka dukani.

Mara tano kwa siku ni usumbufu, kwa hiyo tumia saa hizi: saa 1 asubuhi, saa 5, saa 9 alasiri, saa 1 usiku, saa 5 usiku. Huna haja ya kuamka alfajiri. Kunywa maji ya kutosha, kwa sababu dawa hupita kwenye figo, na mwenye tatizo la figo lazima apunguziwe dozi na daktari. Asikloviri ya kupaka isikupotezee fedha, maana haifiki kwenye neva.

Siku tatu zikiwa zimepita? Bado nenda. Kama malengelenge mapya yanaendelea kutoka, kama ni usoni, au kama mgonjwa ana kinga dhaifu, daktari atamwanzishia tu.

Kuna hali ambazo hazisubiri kesho. Vipele kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua humaanisha neva ya jicho imeguswa, na pua ikiwa na kipele hata kimoja, mwone daktari wa macho leo. Vipele sikioni pamoja na mdomo kupinda, kizunguzungu au kutosikia ni dharura vilevile. Ongeza hapo kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, mguu au mkono kulegea, mkojo kukwama. Na katika wiki na miezi inayofuata mkanda wa jichoni, ulegevu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili ni kiharusi mpaka hospitali iseme sivyo.

Hatua ya 3: Vidonda

Osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa, funika kwa kitambaa safi kisichonata. Basi. Majivu, dawa ya meno, maji ya betri na mizizi iliyotwangwa huongeza kovu na usaha. Maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, kwa hiyo hadi vyote vifanye gamba, asikae karibu na mjamzito ambaye hajaugua tetekuwanga, kichanga, wala mtu aliye kwenye matibabu ya saratani.

Maumivu ya siku hizi yatibiwe tangu mwanzo. Parasetamoli husaidia kiasi, na zisipotosha mwambie daktari, usijikaze kiume.

Hatua ya 4: Ulizia kwa nini kinga ililegea

Kwa mzee wa miaka 70 jibu huwa ni umri. Kwa kijana wa miaka 30, mkanda wa jeshi ni sababu tosha ya kupima VVU, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kati ya dalili za hatua ya pili ya maambukizi hayo. Kupima si kumtuhumu mtu. Wapo wanaopata mkanda bila VVU, na wapo waliokwisha kuanza ARV ambao hupata mkanda katika miezi ya mwanzo, kinga inapoamka na kuanza kupigana. Aliye katika hali hiyo asiache ARV zake. Pima na sukari ukiwa hapohapo.

Hatua ya 5: Chora ramani

Madaktari huhesabu siku 90. Maumivu yakizidi hapo tangu vipele vitoke, hayaitwi tena maumivu ya mkanda wa jeshi, ni ugonjwa wa neva unaojitegemea. Marekani hukadiria kwamba kati ya watu 100 wanaougua mkanda, 10 hadi 18 huishia hapo. Walio hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa, waliokuwa na maumivu makali tangu mwanzo, waliotokwa vipele vingi, na walioguswa jichoni. Usingoje siku ya 90 ndipo uanze kutafuta dawa za neva. Kama wiki ya nne bado mtu halali, nenda.

Kabla ya kwenda, fanya utafiti wako. Mwaka 1900 Henry Head na mwenzake Campbell walitumia wagonjwa wa mkanda wa jeshi kuchora ni neva ipi inahudumia kipande kipi cha ngozi, na ramani yao ndiyo mama wa zile zinazobandikwa kliniki hadi leo. Wewe unahitaji pamba, kalamu ya wino unaooshwa na simu yenye kamera.

Mgonjwa akae anapostarehe, mwenye kuuguza akiwa mtu anayemstahi. Anza mbali na eneo la maumivu, gusa ngozi kwa pamba polepole ukielekea kwenye eneo lenyewe. Pale anaposema "hapo inauma", weka nukta. Rudia kutoka juu, chini, kushoto, kulia. Unganisha nukta. Ndani ya mstari huo utashangaa: pengine katikati kabisa pamekufa ganzi, hahisi kitu, na kingo zake ndizo zinazowaka. Andika "G" kwenye ganzi na "M" kwenye moto. Piga picha, andika tarehe, osha wino kwa upole. Rudia kila baada ya wiki mbili, si kila siku, maana unamchokoza.

Kwenye daftari andika kila jioni mambo manne tu: maumivu ya leo kuanzia 0 hadi 10, saa alizolala jana, dawa alizomeza, na jambo moja aliloweza au kushindwa kufanya. La nne ndilo lenye maana kuliko yote. Shangazi alibaki akisema "saba" wiki tatu mfululizo, nikadhani dawa haifanyi kazi. Daftari lilionyesha kwamba wiki ya kwanza hakuweza kuvaa blauzi, na wiki ya tatu alikwenda msibani. Daktari aliyekuwa na dakika tano alisoma ukurasa mmoja akaelewa kuliko angeambiwa nusu saa.

Hatua ya 6: Dawa za neva

Diklofenaki na ndugu zake hutuliza uvimbe, na hapa hakuna uvimbe tena. Ndiyo maana mtu humeza miezi mingi, tumbo linatoboka na ubavu unaendelea kuwaka. Dawa zinazofaa zilitengenezwa kwa kazi nyingine, na hilo huwatisha watu wakisoma karatasi ya ndani ya boksi.

Ya kwanza ni amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona. Ukiandikiwa haimaanishi daktari anakuona umechanganyikiwa. Kwa dozi ndogo hutuliza neva na kuleta usingizi. Huanzwa na miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, saa mbili kabla ya kulala, kisha hupandishwa kila wiki kwa kadiri mtu anavyostahimili, hadi 75. Kinywa kitakauka, choo kitakuwa kigumu, na asubuhi za mwanzo kichwa kizito. Isitumiwe bila daktari kujua kama mgonjwa ana matatizo ya mapigo ya moyo, presha ya jicho, au tezi dume iliyovimba na kuzuia mkojo. Wazee huanguka usiku wakiamka kwenda haja, basi acha taa ikiwaka.

Ya pili ni gabapentini, ya kifafa kwa asili yake. Jaribio kubwa la mwaka 1998 ndilo lililoipa nafasi katika ugonjwa huu. Huanzwa na miligramu 300 usiku, kisha mara mbili kwa siku, kisha mara tatu, na kuendelea hadi 1,800 kwa siku ikihitajika. Kwa mzee panda polepole zaidi, kwa mwenye figo mbovu dozi hupunguzwa. Dereva wa bodaboda au wa gari asishike usukani mpaka ajue inavyomlevya. Vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia vyenye magneziamu au aluminiamu huizuia kuingia mwilini, viachanishe kwa saa mbili.

Niseme ukweli ambao wauzaji hawasemi. Katika majaribio, kati ya watu 10 waliopewa gabapentini, kama 3 walipata nafuu ya nusu au zaidi, na kati ya 10 waliopewa vidonge visivyo na dawa, karibu 2 walipata nafuu hiyohiyo. Maana yake ni kwamba dawa ya kwanza inaweza kukukatalia, na hilo halimaanishi umeshindikana. Ipe wiki nne hadi sita kwa dozi ya kutosha, ndipo ubadilishe au daktari aunganishe mbili kwa dozi ndogo. Kosa ninaloliona sana ni mtu kumeza kidonge kimoja cha 300 kwa siku tano, akatangaza haimfai.

Karbamazepini huandikwa ovyo kwa kila "neva", lakini nguvu yake ni kwa maumivu ya neva ya uso ya aina nyingine. Tena, kwa anayetumia ARV yenye dolutegraviri, ambayo ndiyo wengi humeza Tanzania na Kenya leo, karbamazepini hushusha kiwango cha ARV mwilini. Ukiandikiwa, sema hapohapo: "Daktari, mimi niko kwenye ARV." Kama unaona haya, mwandikie kwenye karatasi. Gabapentini na amitriptilini hazina tatizo hilo.

Tramadoli hutuliza, lakini hushika watu kwa uraibu, na ikichanganywa na amitriptilini inaweza kuleta degedege. Iwe ya muda mfupi, mikononi mwa daktari.

Za kupaka ni lidokeini na kapsaisini, kwenye ngozi iliyofunga tu. Plasta ya lidokeini hukaa saa 12, hutolewa saa 12, lakini ni ghali na si rahisi kuipata. Kapsaisini ndiyo ukali wa pilipili, na hapa kuna mtu tayari ameshakwenda jikoni. Usipake pilipili ya shambani. Krimu ya dukani ina kipimo, pilipili kichaa haina, na ukijigusa jicho utasahau na mkanda wenyewe.

Hatua ya 7: Kuishi na ngozi inayowaka

Kanga kuukuu iliyofuliwa mara mia ni laini kuliko nguo yoyote ya dukani. Kwa wengine kinachouma ni nguo kusuguasugua, si kubana: kitambaa kilichokaa imara juu ya eneo, au plastiki nyembamba ya kufungia chakula, huzuia msuguano na mtu akavaa shati juu yake. Jaribu vyote viwili. Kitambaa cha maji baridi husaidia dakika chache, barafu moja kwa moja isiguse. Feni ielekezwe miguuni.

Kuoga anzia maji ya mkononi, si bomba la mvua. Kukumbatiwa misibani waambie watu upande upi ni salama, kabla hawajafika.

Hatua ya 8: Chanjo, kwa wenye njia

Chanjo ya Shingrix iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Katika jaribio lake kubwa la watu wa miaka 50 na kuendelea, ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya mkanda wa jeshi. Ni sindano mbili, zikipishana miezi miwili hadi sita. Haitibu maumivu yaliyokwisha kuanza, lakini aliyepona anaweza kuchanjwa asirudiwe. Uingereza huwapa wazee bure kwa umri maalumu, kwa hiyo wenye wazazi waliohamia huko wawaulizie kwa daktari wao. Kwetu bei yake ni kubwa, na nisingemshauri mtu akope.

Hatua ya 9: Kupunguza dawa

Maumivu mengi hupungua yenyewe kadiri miezi inavyopita. Ramani ikianza kusinyaa na namba zikakaa chini ya 3 kwa miezi mitatu hivi, zungumza na daktari kuhusu kushusha dozi. Dawa hizi hazikatwi ghafla, maana mtu hukosa usingizi, hutoka jasho, hupata wasiwasi, na gabapentini ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege kwa mwenye kifafa. Shusha miligramu 300 za gabapentini kwa wiki, au nusu kidonge cha amitriptilini kila wiki mbili. Moto ukirudi, panda ngazi moja, ukae hapo mwezi, kisha ujaribu tena.

Shangazi alijaribu mara mbili. Ramani yake ya mwisho ni ukubwa wa kisahani cha kahawa, chini kidogo ya titi la kulia. Bado anameza nusu kidonge usiku.